Maji ya bwawa la samaki nayo ni mtaji, yabadilishwe kwa kipimo

Mfugaji wa samaki akiulizwa ametumia nini kuanzisha bwawa lake, atataja malipo ya vibarua waliochimba, bei ya vifaranga na bei ya chakula. Ni nadra kumsikia akitaja maji. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, ambako mvua hunyesha kwa wingi na chemchemi hazikosekani mabondeni, maji huonekana kuwa ni kitu cha bure, na kitu cha bure hakiwekewi hesabu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Sato waliolishwa kwa miezi mitano au sita hukutwa alfajiri wakielea matumbo juu, na mtaji wote ukawa umekwenda kwa usiku mmoja. Mara nyingi kinachofuata ni minong'ono kuhusu jirani na sumu, wakati ukweli ni kwamba muuaji ni maji yenyewe, yaliyokaa bwawani bila kuguswa hadi yakachoka.

Maelezo yake si magumu. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina takriban gramu 48 za naitrojeni. Samaki hutumia karibu robo hadi theluthi ya naitrojeni hiyo kujenga mwili, na inayobaki hurudi majini kupitia mashavu yake, kinyesi na chakula kilichooza chini. Hugeuka kuwa amonia, ambayo ikizidi huunguza mashavu ya samaki na kumfanya akatae kula.

Uchafu huo huo ni mbolea ya mwani, ule ukijani unaoonekana majini. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huivuta pamoja na samaki. Ndiyo maana oksijeni huwa chini kabisa karibu na mapambazuko. Sato wakionekana juu ya maji saa 12 asubuhi wakihema kwa midomo wazi, bwawa limeshatoa onyo. Kambare huvumilia zaidi kwa sababu ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, lakini uvumilivu wake usichukuliwe kuwa ni ushahidi kwamba maji ni mazima.

Dawa iliyo nafuu kuliko zote ni kubadilisha sehemu ya maji kwa ratiba. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa haba na haba ndiyo inayookoa bwawa. Kwa bwawa linalolishwa vizuri, kuondoa sehemu moja ya kumi hadi mbili ya kumi ya maji kwa awamu na kujaza mapya hutosha, kisha samaki waangaliwe kabla ya kurudia. Maji yasiondolewe yote kwa mpigo. Samaki hustushwa na mabadiliko ya ghafla ya joto, hasa pale maji mapya yanapotoka moja kwa moja kwenye chemchemi ya baridi, na chakula cha asili kilichokwisha kujengeka bwawani hupotea.

Hesabu yake iko wazi. Bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000. Sehemu moja ya kumi ni lita 20,000, yaani madumu 1,000 ya lita 20. Hakuna familia itakayochota kiasi hicho kwa mikono, lakini bwawa lililochimbwa kwa mteremko na kuwekwa bomba la kutolea maji hufanya kazi hiyo lenyewe. Mfugaji anahitaji mti uliotiwa alama za sentimeta na kuchomekwa bwawani: maji yakishuka sentimeta 10, afunge. Bomba litoe maji ya chini, kwa kuwa ndiko uchafu unakotuama, na mdomo wake ufungwe wavu ili samaki wasitoke.

Kipimo cha kujua wakati nacho hakihitaji maabara. Mfugaji atumbukize mkono hadi kwenye kiwiko huku kiganja kikiwa wazi. Ikiwa kiganja kinapotea machoni kabla maji hayajafika nusu ya mkono, maji yamekuwa mazito na ni wakati wa kupunguza chakula na kubadilisha. Ikiwa kiganja kinaonekana vizuri hata maji yafikapo kwenye kiwiko, ukijani haujatosha na kuyabadilisha ni kupoteza.

Hili la mwisho linastahili kusisitizwa, kwani yapo mabwawa yanayoharibikiwa kwa kosa la upande wa pili. Bwawa likiungwa na kijito na kuachwa maji yaingie na kutoka usiku na mchana, mwenyewe hujisifu kwamba maji yake ni safi. Kweli ni safi, lakini hayana chakula cha asili na ni ya baridi. Hewa ya Bukoba si ya joto kama ya pwani, na sato hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Isitoshe, udongo mwingi wa huku una tindikali kutokana na mvua nyingi, hivyo mfugaji hushauriwa kuweka chokaa. Maji yanayopita bila kukoma huisomba chokaa hiyo pamoja na samadi na fedha zilizonunulia.

Kanuni hii ya kubadilisha kidogo kwa ratiba si ngeni duniani. Wanaofuga samaki wa baharini na matumbawe katika matangi ya kioo majumbani huondoa sehemu ndogo tu ya maji kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na kurudisha mapya yenye chumvi na joto lile lile. Baadhi ya furu wa Ziwa Victoria waliopungua mno au kutoweka ziwani baada ya sangara kupandikizwa wametunzwa kwenye matangi huko Ulaya na Marekani kwa utaratibu wa namna hiyo.

Kwa wenye vizimba ziwani hali ni tofauti, kwa sababu hakuna bomba la kufungua. Ziwa ndilo linalobadilisha maji, na likikataa hakuna wa kulilazimisha. Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya walipoteza samaki wengi baada ya oksijeni kupungua ghafla. Serikali ya Tanzania ilianza kutoa mikopo ya vizimba na boti Kanda ya Ziwa, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alivikabidhi jijini Mwanza. Yeyote anayekopa kizimba anapaswa kwanza kujua kina na mkondo wa maji mahali atakapokiweka, kwani mkopo hulipwa hata samaki wakifa.

Yapo pia maswali ya jirani. Mabwawa ya bonde moja mara nyingi hufuatana, na maji machafu ya aliye juu huwa ndiyo maji mapya ya aliye chini. Wafugaji wa namna hiyo wanapaswa kukubaliana siku za kufungua, na kila mmoja kupitisha maji yake kwenye bustani kabla hayajafika kijitoni. Maji hayo yana mbolea ambayo mboga na magimbi huifurahia. Vibanja viko juu na mabwawa yako chini, hivyo maji hayatapanda yenyewe kwenda kwenye migomba, lakini tope linalozolewa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, laweza kubebwa hadi kwenye shina la mgomba. Kulimwaga mtoni ni kutupa mbolea na kuvunja sheria kwa pamoja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na kuchepusha maji kunahitaji kibali chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Ni vema mfugaji akayajua hayo kabla ya kuchimba kuliko kuambiwa afukie.

Halmashauri za Bukoba na Muleba zinao wajibu hapa. Maafisa ugani wa uvuvi wawezeshwe kufika kwenye mabwawa wakiwa na kipimajoto na vifaa vya kupima oksijeni na amonia, tena alfajiri, wakati ukweli wa bwawa unapoonekana. Miradi inayogawa vifaranga isiwape wafugaji ambao mabwawa yao hayana bomba la kutolea maji. Kifaranga cha bure kwenye bwawa lisilotoa maji si msaada, ni hasara iliyoahirishwa.

Mfugaji naye asisubiri mgeni kutoka ofisini. Mti wenye alama, bomba lenye wavu na daftari la kuandika tarehe za kubadilisha maji vinapatikana kwa gharama ndogo kuliko gunia la chakula. Aanze navyo kabla ya kununua gunia jingine.