Tuyasemayo Katika Sala



Mwezi huu twapenda tuhesabu pamoja. Sala za faradhi za mchana na usiku ni tano, na rakaa zake ni 17. Katika kila rakaa Mwislamu husoma Suratul-Fatiha. Basi kwa siku moja huisoma mara 17, mbali na sala za suna. Takbira zake, yaani kusema Allahu Akbar, ni 11 katika Alfajiri, 17 katika Magharibi, na 22 katika kila moja ya Adhuhuri, Alasiri na Isha; jumla yake 94. Hurukuu mara 17 na husujudu mara 34, na akisabihi mara tatu tatu kama ilivyo suna, huwa amemtakasa Mola wake mara 153. Hukaa kwa tahiyatu mara tisa, na hutoa salamu kumi.

Hapana kiumbe ambaye twasema naye kila siku kwa kadiri hii, si mzazi, si mke, wala si jirani. Basi yatupasa tujiulize: maneno haya yote, je, twayajua maana yake?

Maneno haya yalifika nchi yetu zamani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, waliopanda kutoka pwani kwa njia ya Tabora, walikuwa na kituo chao Kafuro katika Karagwe, katika enzi ya Mukama Rumanyika. Wazungu Speke na Grant walipofika mwaka 1861 waliwakuta wafanyabiashara hao wamekwisha kutangulia, na Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro mzee Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim. Leo Waislamu wapo Kayanga na Omurushaka, na wapo upande wa Kyerwa, iliyofanywa wilaya mbali na Karagwe mwaka 2012, mpaka Murongo ukingoni mwa mto Kagera. Neno limekaa miaka mingi midomoni. Tunalolitaka ni lishuke moyoni.

Sisi tufundishao madrasa twaona mtoto wa miaka saba aisoma Fatiha bila ya kusita. Lakini mwulize maana ya neno alilolisema akiwa katika rukuu, atatazama chini. Wala kosa si la mtoto. Nyumbani hakuna aliyemwambia, kwa kuwa baba naye hakuambiwa.

Hapana shaka sala ya asiyejua maana husihi, akitimiza sharti zake na nguzo zake. Hatutaki mtu aache kusali kwa sababu hajui Kiarabu. Lakini kusihi ni jambo moja, na kufaidika ni jambo jingine. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, Waislamu walikatazwa wasiikaribie sala hali wamelewa, mpaka wajue wanayoyasema. Hayo yalikuwa kabla ya ulevi kuharimishwa moja kwa moja katika Suratul-Maida. Sisi tuliozaliwa katika nchi ya migomba tumemwona aliyekunywa rubisi: maneno humtoka, naye hayuko nayo. Ikiwa mlevi alizuiwa kwa sababu hajui asemalo, je, yafaa mtu mwenye akili timamu, asiyeonja rubisi maisha yake yote, akae miaka 40 katika hali kama ile ya kutojua asemalo?

Wazee wetu wanajua kuwa aliyeingia Bweranyange kwa Mukama hakusema maneno ya kubahatisha. Alijua anamsalimu nani, na haja yake ni ipi. Basi mbele ya Mfalme wa wafalme yafaa adabu iliyo kubwa zaidi.

Tuyatazame maneno yenyewe kwa ufupi.

Ukisema Allahu Akbar ya kuhirimia, umesema kuwa Mwenyezi Mungu ni Mkubwa kupita kila kitu: kupita shamba, ng'ombe, na bei ya kahawa. Mawazo ya buni iliyoanikwa yakikujia ndani ya sala, takbira ifuatayo yakurejesha.

Kisha Fatiha. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna sala kwa asiyeisoma. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, Mwenyezi Mungu ameigawa sura hii baina Yake na mja Wake: mwanzo wake ni sifa Zake, kati yake ni ahadi ya mja kuwa hamwabudu wala hamwombi msaada mwingine, na mwisho wake ni ombi la kuongozwa njia iliyonyoka. Na kila sehemu mja aisomapo, Mola wake humjibu. Fikiri basi, ndugu yangu: wewe waikimbiza Fatiha kwa pumzi moja, na kumbe kila aya ina jibu lake!

Katika rukuu twasema Subhana Rabbiyal-Adhim, yaani kutakasika ni kwa Mola wangu aliye Mtukufu. Katika sijda twasema Subhana Rabbiyal-Aala, Mola wangu aliye juu kabisa. Tazama hekima yake: paji la uso liko chini kabisa, na hapo ndipo ulimi umtajapo aliye Juu. Baina ya sijda mbili twaomba msamaha, rehema, riziki na uwongofu. Kijana anayelalamika kuwa hana kazi huiomba riziki kila siku katika kikao hiki, naye hana habari kuwa ameiomba!

Katika tahiyatu twamtolea Mwenyezi Mungu maamkizi yote mema, twamsalimu Mtume, twajisalimu sisi na waja wote walio wema, kisha twashuhudia na kumsalia Mtume. Na kwa salamu twatoka, tukiwatakia amani walio kuume na walio kushoto. Atokaye msikitini na kumtukana jirani yake amekwenda kinyume na neno lake la mwisho.

Sasa tuseme kidogo juu ya matamshi. Lugha yetu ya Kinyambo ni nzuri na ina utajiri wake, lakini haina th, dh, kh wala gh za Kiarabu. Ndiyo maana mtoto husema “azimu” mahali pa Adhim. Na wale waliojifunza sala kwa vitabu vya herufi za Kirumi hawaoni tofauti ya h mbili za Kiarabu, kwa kuwa kitabu kimeziandika kwa herufi moja.

Makosa mengine hugeuza maana. Katika aya ya mwisho ya Fatiha, akisema mtu “an'amtu” badala ya “an'amta”, amejipa yeye mwenyewe neema ambazo Mwenyezi Mungu ndiye Mtoaji wake. Na wanavyuoni wa Kishafii wamehesabu shada 14 katika Fatiha, wakaonya hasa juu ya neno “iyyaka”: lisomwapo bila ya shada, lina maana ya mwanga wa jua. Basi msomaji atakuwa amesema kuwa aliabudu mwanga wa jua, na hali amesimama kumwabudu Muumba wa jua!

Wala asikate tamaa mwenye ulimi mzito. Aliyejitahidi akashindwa ana udhuru, na dini yetu ni nyepesi. Asiye na udhuru ni yule awezaye kujifunza naye hataki, au aonaye haya kukaa mbele ya mwalimu aliye mdogo wake kwa umri.

Yaulizwa sana: kwa nini basi tusisali kwa Kiswahili au kwa Kinyambo? Jawabu ni kuwa Kurani ni neno la Mwenyezi Mungu kwa lafudhi yake, na tafsiri ni maneno ya mwanadamu. Tena Mnyambo akivuka Kagera kwenda Uganda au Rwanda, akaingia msikiti wowote, husimama safuni asione ugeni. Lakini maana tujifunze kwa lugha yetu. Tangu mwaka 1969 ipo tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy kwa Kiswahili. Asiyeweza kusoma na asomewe na mwanawe. Bibi asiyejua Kiswahili sawasawa aelezwe kwa Kinyambo kuwa Rabbi huyu ndiye Ruhanga, Muumba, ambaye jina Lake bibi amelijua tangu utotoni. Na baada ya salamu, aombe kwa lugha aitakayo. Mwenyezi Mungu husikia zote.

Twashauri kila nyumba ifanye hivi. Juma la kwanza, jifunzeni maana ya takbira na Fatiha. La pili, rukuu na itidali. La tatu, sijda na kikao cha kati. La nne, tahiyatu na salamu. Kila usiku baada ya Isha, baba au mama aulize neno moja tu, na mtoto naye apewe ruhusa ya kuwauliza. Asiyejua aseme “sijui”, na kesho akamwulize mwalimu. Vijana wenye simu wasikilize wasomaji wazuri, lakini wakumbuke kuwa simu haisikii kosa la msikilizaji, mwalimu hulisikia.

Kwa mwezi mmoja mtakuwa mmeyamaliza, na zile Fatiha 17 za kila siku zitakuwa maneno mapya, ingawa herufi zake ni zile zile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe ndimi zetu, aziamshe nyoyo zetu, na atujaalie sisi na watoto wetu tuwe wenye kusimamisha sala. Amin.