Kamba ya Wanafunzi Si Winchi

Wapo wakuu wa shule na wa ofisi za umma ambao, mkaratusi ukiinamia paa la jengo, hutafuta kamba ya katani, hukusanya watu ishirini, mara nyingi wanafunzi, na kuwaamuru wavute huku kibarua akikata kwa shoka. Hayo huitwa kujitegemea! Ni uzembe mtupu, maana wavutaji husimama pale pale mti utakapoangukia.

Kujitegemea hakujapata kuwa na maana ya kudharau maarifa. Chuo cha Misitu Olmotonyi kimefundisha kazi za misitu tangu 1937. Winchi ya mkono hufungwa kwenye shina la mti mwingine ulio imara, na waya wake hufungwa juu ya mti unaokatwa, si kiunoni. Waya ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa huko juu na ncha yake ikarudishwa kwenye nanga, nguvu hukaribia kuwa maradufu, ingawa mwendo hupungua nusu. Mkataji naye hubakiza ukanda usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Hiyo ndiyo bawaba inayouongoza mti. Akiikata, hata winchi kumi hazitamsaidia. Mti ukinasa matawini mwa jirani yake, huvutwa kwa winchi kutoka kitakoni. Kuukata ule ulioushikilia ni kujitafutia kifo.

Watasema fedha hazipo. Mbona za kuezeka upya darasa lililopondwa hupatikana? Winchi moja ya halmashauri ingeweza kuzunguka shule zote za wilaya. Mkuu anayeiona ghali na ashike yeye ncha ya mbele ya kamba.