Tuwapime Watoto Macho Kabla ya Skuli

Katika ila zinazowafika watoto wetu wa Pemba, ni chache zinazojificha kama uvivu wa jicho, kwani mtoto aliyefikwa nao hasikii maumivu, jicho lenyewe aghalabu ni safi halina chongo wala utando, na kwa kuwa jicho la pili lamtosha kwenda chuoni, kusoma juzuu yake na kurudi nyumbani, si yeye wala wazee wake wajuao kwamba nuru ya upande mmoja inapotea.

Ila hii hutokea pale jicho moja linapokuwa na makengeza, au limehitilafiana mno na mwenziwe kwa nguvu ya kuona, au limezibwa na mtoto wa jicho tangu uchangani. Basi ubongo, ukiletewa picha mbili zisizopatana, huishika iliyo bora na kuipuuza ya pili, hata ikawa ndiyo ada yake. Wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Nobel mwaka 1981, walilidhihirisha hilo kwa vitoto vya paka vilivyoshonwa kope za jicho moja: kope zilipofunguliwa baadaye jicho lilikuwa zima, ila ubongo haukuliitika tena.

Kwa hiyo matabibu wakatafuta njia ya kuuhoji ubongo wenyewe. Mtoto hupakatwa na mamaye mbele ya kioo chenye miraba myeusi na myeupe inayobadilishana nafasi, jicho moja limefunikwa, na kisogoni, panapopokewa habari za macho, hubandikwa visahani vidogo vyenye nyaya. Kila miraba igeukapo, umeme dhaifu mno huonekana baada ya kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa jicho vivu wimbi hilo aghalabu huwa dogo, pengine na kuchelewa. Fadhila yake kubwa ni kwamba mtoto haulizwi neno, hata mchanga wa miezi michache, au yule ambaye maradhi yamemnyima kauli, akapimika. Hata hivyo shurti aikazie macho ile miraba, na penye makengeza kipimo hiki huweza kulisifu jicho kupita uwezo wake wa kusoma herufi.

Rai yangu ni kwamba chombo hiki chastahiki kuwamo katika hospitali moja ya Pemba kwa ajili ya wasioweza kujibu, ili mzazi wa Micheweni asilazimike kuvuka bahari. Lakini kisiwe sababu ya kungoja. Mtoto wa miaka minne aweza kupimwa katika skuli ya maandalizi kwa ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akionyesha kwa vidole zinakoelekea, almuradi mwalimu ahakikishe jicho la pili limefunikwa barabara, maana mwenye jicho vivu, lile zima likizibwa, hugeuza kichwa na kuchungulia, na kuchungulia huko ni dalili kubwa.

Tiba ni miwani, na kulifunika jicho zima saa kadhaa kila siku. Nayo hufaa zaidi kabla ya miaka saba.

Naiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar ikifanye kipimo hicho cha ubao wa herufi E kuwa sharti la kuandikishwa skuli. Nanyi wazee, mfunikeni mtoto jicho moja, kisha la pili. Akiukataa mkono upande mmoja tu, msingoje, mpelekeni hospitali.