Mkono Unaokunja Samaki

“Samaki mkunje angali mbichi.” Methali hii nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumfungia mlango mtu mzima anayetaka kusomea ualimu. Safari hii aliambiwa mwanafunzi wangu mmoja, mama wa miaka 41 kutoka Bwejuu. Alifanya kazi ya hoteli kwa miaka mingi hadi 2020, ndege za watalii zilipoacha kutua na hoteli za pwani ya mashariki zikafungwa. Akarudi kulima mwani, na jioni akawa anawasomesha watoto wa jirani barazani kwake. Hapo ndipo alipotambua kazi anayoitaka. Alipokwenda kuulizia nafasi ya mafunzo, mtumishi mmoja alimjibu kwa methali hiyo, kisha akacheka.

Naijibu methali kwa methali yenyewe. Samaki ni mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu ni mkono unaomkunja, na hakuna aliyesema mkono huo usiwe na makunyanzi. Wazee waliotuachia usemi huo waliwapeleka watoto wao chuoni kusoma Kur'ani kwa walimu ambao wengi wao walikuwa pia wavuvi na wakulima, wala hawakumuuliza mwalimu umri wake. Ni wazee hao hao waliosema mtu mzima dawa.

Wako wanaopiga hesabu: atatumikia miaka mingapi? Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Anayehitimu akiwa na miaka 43 anabakiwa na miaka 17. Je, kijana anayeingia darasani huku akingojea nafasi benki ametuahidi mingapi? Tukumbuke pia kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtu aliyezungumza lugha hiyo na wageni kila siku ya kazi yake tunamwona mzigo, na huku tunalalamika kwamba walimu wanaoimudu hawatoshi!

Sisemi mlango ufunguliwe ovyo. Tanzania Bara ilikwisha kuonja njia ya mkato. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafanywa walimu, wakajifunza kazi hukuhuku wakiifanya. Wenye dhihaka wakasema UPE maana yake ni “Ualimu Pasipo Elimu”. Lakini tazama vyema: wale walikuwa vijana. Kilichowapungukia ni mafunzo, na lawama wakabebeshwa wao badala ya waliowatuma.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Mtu mzima apimwe kwa sifa zile zile za masomo, asipunguziwe hata moja. Apewe mafunzo kamili, si semina ya wiki mbili. Lakini ratiba na mkopo vitambue kwamba ana watoto wa kulisha, maana kumwambia mzazi akae miaka miwili bila kipato ni kumkatalia kwa adabu. Na akihitimu, apangiwe skuli iliyo karibu na kijiji chake ikiwa ina upungufu. Huyo hatatafuta uhamisho wa kurudi mjini.

Nanyi wanafunzi wangu vijana, mnaosema ualimu wa msingi ni kazi ya waliokosa nyingine, mtazameni mwenzenu huyu. Muhula huu yumo darasani, safu ya mbele, kwa ada aliyoilipia kwa mwani na kwa kuuza mkufu wake. Siku moja atapeleka cheti chake kwenye meza ya ajira. Wewe utakayekuwa nyuma ya meza hiyo, nakuomba usianze na methali. Kisome cheti kwanza.