Jina Chini ya Wimbo
SIKIO LA JUMAMOSI
Na Zuhura Mbwana

Mtaje Elvis Presley mbele ya wapenzi wa muziki, na haichukui muda mtu atasema: yule aliiba kwa Weusi. Mwenzake atajibu kwamba muziki hauna mwenyewe, basi hapo ni ligi mpaka usiku. Nimeyasikiliza sana mabishano hayo na naona pande zote mbili zinamkodolea macho mwimbaji bure. Wizi mkubwa ulifanyika kwa kalamu, ofisini, wimbo ukiwa umeshatoka studio.

Asili ya rokenroli haina fumbo. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, jimbo la Arkansas, akalelewa katika Church of God in Christ, kanisa la Kipentekoste la Weusi ambalo halikuona haya kuingiza ngoma na gitaa ibadani. Mwaka 1938 alianza kurekodi na kampuni ya Decca. Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day", uliorekodiwa 1944, ni wa injili, lakini gitaa na piano yake havina subira ya mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa. Usikilize leo, kisha uniambie ni kitu gani cha roki kinachokosekana humo. Little Richard alikuwa kijana asiyejulikana pale Macon, Georgia, mama huyu alipompandisha jukwaani mwaka 1947. Fats Domino akafuata New Orleans mwaka 1949. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ikarekodi "Rocket 88" mjini Memphis (na hata hapo santuri ikatoka kwa jina la mpiga saksofoni wake, Jackie Brenston). Elvis alipoingia studio ya Sun Julai 1954, chungu kilikuwa kimeshaiva.

Naye hakuficha. Mwaka 1956 aliliambia gazeti moja la Charlotte kwamba Weusi walikuwa wakiupiga muziki huo miaka mingi kabla yake, akamtaja mwanamuziki Arthur Crudup kwa jina.

Tena sauti zenyewe zilivuka mpaka kutoka pande zote. "Hound Dog" aliouimba Big Mama Thornton mwaka 1952 ulitungwa na vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller. Chuck Berry, Mweusi wa St. Louis, alichukua "Ida Red", wimbo wa kantri uliopendwa na wazungu wa mashambani, akaugeuza kuwa "Maybellene". Ukitaka kuwashtaki watu kwa kusikilizana, itabidi uwashtaki wote.

Ila hiyo "Maybellene" ndiyo inayoonyesha mchezo wenyewe. Mwaka 1955 Berry alikwenda Chicago, mwanamuziki Muddy Waters akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya rekodi, na mwezi Mei wimbo ukarekodiwa. Ulipotoka, watunzi walioandikwa walikuwa watatu: Berry, mfanyabiashara aliyeitwa Russ Fratto, na Alan Freed. Freed hakutunga hata ubeti. Alikuwa mtangazaji wa redio New York, maarufu kuliko wote kwa kupiga muziki wa Weusi na kuwasogezea vijana wa kizungu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini mtangazaji atake kuitwa mtunzi? Kwa sababu sheria ya Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji wimbo unapopigwa redioni, wala si mwimbaji. Ndivyo ilivyokuwa wakati huo, na kwa redio za kawaida za AM na FM ndivyo ilivyo hadi leo. Kwa hiyo Freed alipouweka wimbo ule hewani alikuwa akijilipa mwenyewe, na kadiri alivyoupiga ndivyo ulivyouzwa, na kila nakala iliyouzwa ilikuwa na fungu la watunzi. Ilibidi Berry asubiri hadi 1986 ili wimbo urudi kuwa wake peke yake.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza mambo mengine yanayodhaniwa kuwa ni ya bahati tu. Mwimbaji wa kizungu Pat Boone aliponakili "Ain't That a Shame" ya Fats Domino mwaka 1955, akafika kileleni mwa chati ya wazungu, Domino alichukia, na alikuwa na haki ya kuchukia. Lakini yeye na Dave Bartholomew walikuwa wameandikwa watunzi, hivyo santuri za Boone ziliwalipa. Kwenye "Hound Dog", Thornton alimiliki sauti tu. Alisema alipata hundi moja ya dola 500, na Elvis alipouuza wimbo huo kwa mamilioni ya nakala mwaka 1956, sheria haikumpa chochote. Mwimbaji Mweusi LaVern Baker naye aliona "Tweedlee Dee" yake ikinakiliwa na mwimbaji wa kizungu Georgia Gibbs pamoja na mpangilio wake wote wa ala. Mwaka 1955 alimwandikia mbunge Charles Diggs wa Michigan akiomba sheria ilinde mpangilio wa muziki. Haikubadilishwa. Rekodi za sauti zenyewe hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho mpaka 1972.

Hata jina peke yake halikutosha ukikosa wa kukusomea mkataba. Crudup aliandikwa mtunzi wa "That's All Right", wimbo ulioanzisha safari ya Elvis, na bado alirudi kwenye vibarua vya mashambani huko Virginia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaahidiwa takriban dola 60,000 kufidia mirabaha yake; mchapishaji akaghairi. Alifariki 1974. Fedha zilianza kuwafikia warithi wake baada ya hapo.

Ukumbi wa Rock and Roll Hall of Fame ulipopokea kundi lake la kwanza mwaka 1986, Chuck Berry alikuwemo. Alan Freed pia alikuwemo, mwaka uleule ambao jina lake lilifutwa kwenye "Maybellene". Sister Rosetta Tharpe, aliyefariki 1973, aliingizwa 2018.