Kila Taifa Hulinda Lango Lake

Ndugu askari na polisi,

Nani kati yetu asiyeijua Gatumba? Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake, ukagharikisha nyumba, na maelfu ya wananchi wakayahama makazi yao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likapanda hadi kwenye mitaa ya ufukoni mwa Bujumbura, na serikali ikaomba msaada wa nje. Ni kweli kwamba ziwa hili lilipanda pia katika miaka ya 1960. Lakini wataalamu wanatuonya kwamba dunia ikizidi joto, mvua nazo huzidi ukali. Na joto hilo halikutokana na moshi wa Burundi, nchi iliyo miongoni mwa zile zitoazo moshi mchache kabisa duniani.

Basi wenye viwanda wanafanya nini? Kila mmoja hulinda lango lake. Mwaka 1997, hata kabla ya Mkataba wa Kyoto kukamilika, Baraza la Seneti la Marekani liliamua kwa kura 95, bila hata moja ya kupinga, kwamba nchi yao isitie sahihi mkataba utakaodhuru uchumi wake. Kanada, yenye mafuta mengi ya Alberta, ilitangaza kujitoa Kyoto mwaka 2011. Huko Glasgow mwaka 2021, India na China zilitaka neno moja libadilishwe: matumizi ya makaa ya mawe yapunguzwe, si yakomeshwe. Marekani ilitoka katika Mkataba wa Paris mwaka 2020, ikarejea 2021, na Januari 2025 ikaamuru kutoka tena. Nayo ahadi ya Copenhagen ya 2009, dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, ilitimia 2022.

Lawama peke yake haitatufaa. Askari hashangai kuona jeshi la wengine likilinda ardhi yao; hushangaa akiona la kwake limelala. Mkono mtupu haurambwi: aendaye mkutanoni bila hoja wala wenzake hurudi na pole. Maslahi yetu ni kusema kwa sauti moja na majirani wa ziwa, yaani Kongo, Tanzania na Zambia. Kupanda miti milimani. Na kutojenga katika njia ya mto.

Siku maji yatakapopanda tena, wajumbe wa mikutano hiyo hawatakuwapo Gatumba kuwabeba watoto mgongoni. Tutakuwapo sisi.