Upepo Upo, Mnunuzi Hayupo

Mwezi Agosti 2025, Shirika la Nishati ya Jua la India (SECI), ambalo licha ya jina lake huendesha pia zabuni za umeme wa upepo kwa niaba ya serikali, lilifuta zabuni mbili za umeme wa upepo wa baharini, yaani umeme unaozalishwa na mitambo iliyosimikwa katika sakafu ya bahari. Ya kwanza ilihusu kukodisha eneo la bahari la kuzalishia gigawati 4 karibu na pwani ya Tamil Nadu, na ya pili ilikuwa ya megawati 500 karibu na Gujarat. Zote zilikuwa zimetangazwa mwaka 2024. Ilielezwa kwamba wawekezaji hawakujitokeza ipasavyo. Ni kweli hawakujitokeza, lakini huo ni ukweli wa mwenye duka aliyesahau kuweka mlango, kisha akashangaa kuona wateja hawaingii, kwa kuwa kasoro haikuwa katika upepo wala katika mifuko ya wawekezaji, bali katika masharti yaliyoandikwa na serikali yenyewe.

Kuhusu upepo hakuna ubishi wa maana. Pepo za kusini-magharibi zinazovuma India kati ya Juni na Septemba, ambazo kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki ni kusi ileile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Gujarat, huwa na nguvu nyingi wakati mawingu yanapolifunika jua, na bahari ya Tamil Nadu ni miongoni mwa sehemu zenye upepo bora zaidi nchini humo. Serikali inalijua hilo kwa muda mrefu: ilipitisha sera ya umeme wa upepo wa baharini mwaka 2015, na mwaka 2018 ikajiwekea lengo la gigawati 30 ifikapo 2030.

Wanaoona kwamba kufuta zabuni kulikuwa busara wana hoja zao, nazo zinastahili kutajwa. Umeme wa jua nchini India huuzwa kwa takriban rupia 2.5 kwa uniti, bei ambayo mtambo wa baharini hauwezi kuikaribia kwa sasa. Wavuvi wa Tamil Nadu wana hofu ya kufungiwa maeneo yao ya kuvulia. Na kusi yenyewe, kama manahodha walivyojua zamani, huchafua bahari kiasi cha kuzuia kazi kwa miezi kadhaa. Haya yote yalijulikana kabla ya zabuni kutangazwa, kwa hiyo hayawezi kuwa maelezo ya kuzifuta.

Hoja inayokata shauri ni ya mnunuzi. Kituo cha umeme wa gesi hutumia fedha kidogo kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama zake ni mafuta yanayonunuliwa kadiri umeme unavyozalishwa, na soko likianguka kinaweza kuzimwa na mafuta yakaokolewa. Shamba la upepo la baharini ni kinyume chake: nguzo, nyaya za chini ya bahari, meli maalumu za kusimika mitambo na mitambo yenyewe hulipiwa karibu vyote kabla uniti ya kwanza haijauzwa, na baada ya hapo upepo ni wa bure. Kwa hiyo bei ya umeme huo kwa sehemu kubwa ni bei ya fedha zilizokopwa, na benki inayokopesha huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni nani atakayelipa, na kwa miaka mingapi? Jibu likiwa la mashaka, riba hupanda. Riba ikipanda, bei ya uniti hupanda. Bei ikipanda, mnunuzi aliyekuwa akisitasita hukimbia, na ndipo wakubwa husema umeme wa baharini ni ghali.

Zabuni ya Tamil Nadu iliandikwa kana kwamba mzunguko huo haupo. Mwekezaji alitakiwa akodishe bahari, agharamie uchunguzi wa upepo na wa sakafu ya bahari, ajenge bila ruzuku, kisha ajitafutie wateja mwenyewe viwandani au katika soko la umeme, ilhali kampuni za majimbo za kusambaza umeme zinafahamika kwa madeni na kwa kuchelewa kuwalipa wazalishaji. Hata umeme wa nchi kavu ulio nafuu unasubiri wanunuzi: kufikia mwaka 2025, miradi yenye zaidi ya gigawati 40 iliyokwisha kupata washindi wa zabuni ilikuwa bado haijapata mikataba ya kuuza umeme wake. Ni mwekezaji gani mwenye akili timamu angezamisha mabilioni baharini ili akapange foleni nyuma ya hao?

Gujarat ilikuwa afadhali, kwani mwezi Juni 2024 baraza la mawaziri lilikuwa limeidhinisha rupia bilioni 74.53 kwa ajili ya gigawati 1, nusu yake Gujarat na nusu Tamil Nadu, pamoja na kuboresha bandari mbili. Lakini megawati 500 zisizofuatwa na ratiba ya kuaminika haziwezi kumshawishi mtu kuleta meli wala kujenga kiwanda.

Uingereza nayo iliwahi kuaibika. Huko mzalishaji alikuwa akihakikishiwa bei maalumu kwa miaka 15: soko likiwa chini ya bei hiyo hulipwa tofauti, na likiwa juu huirudisha yeye. Kwa utaratibu huo bei ilishuka kutoka zaidi ya pauni 110 kwa megawati-saa mwaka 2015 hadi takriban pauni 40 mwaka 2019, kwa thamani ya fedha ya 2012. Septemba 2023 hakuna shamba la baharini lililoomba, kwa kuwa kikomo kilichowekwa, pauni 44, kilikuwa kidogo mno. Serikali haikuilaumu bahari. Miezi miwili baadaye ilipandisha kikomo hadi pauni 73, na mwaka uliofuata waombaji wakarudi. Atakayesema kwamba Uingereza ni tajiri na India bado inainukia anaipindua hoja, kwa maana nchi ambayo mkopo wake ni ghali zaidi ndiyo inayohitaji zaidi mkataba wa kuishusha riba.

Mwaka 2018 India ilipouliza ni nani angependa kujenga gigawati 1 ya kwanza katika Ghuba ya Khambhat, pwani ya Gujarat, kampuni 35 ziliitika. Siku zabuni za 2024 zilipofutwa, hapakuwa na mtambo hata mmoja uliosimama katika bahari hiyo.